Mtoto wa Mtumishi ni wa Nani?

Katika makanisa yetu ya kusini mtumishi wa Mungu husifiwa kwa maneno haya: ametoa kila kitu, hata familia yake, kwa ajili ya Bwana. Husemwa siku ya kuwekewa mikono, na husemwa tena siku ya mazishi. Sisi tunaoandika ni mume na mke, na maneno hayo yameanza kusemwa juu yetu tungali vijana. Kila tunapoyasikia tunabaki na swali moja: akishatoa "hata familia yake", ametoa mali ya nani?

Tunaishi Mingoyo, karibu na njiapanda ya Mnazi Mmoja, pale magari yatokayo Lindi yanapoachana, haya kwenda Mtwara na haya kwenda Masasi. Tuna watoto wawili, wa kwanza miaka sita, wa pili miwili. Mmoja wetu, baba wa nyumba, yuko katika mafunzo ya huduma. Chuo kiko mbali na masomo ni ya mihula, kwa hiyo kuna miezi ambayo yeye yuko darasani na mwenzake yuko hapa na watoto, mihogo, mikorosho michache na darasa la Jumapili la watoto wa kanisa. Muhula ukiisha anarudi, na kanisa linampokea kwa furaha na kwa orodha ya kazi. Jumatatu kikao, Jumanne kwaya, Jumatano maombi, Alhamisi kutembelea wagonjwa. Ukitokea msiba, na misiba haikosi, hakuna ratiba tena. Msomaji anayejua pwani yetu anajua kwamba mtumishi asiyeonekana msibani amejiandikia barua ya kuacha kazi.

Hatulalamiki. Kazi hii tunaipenda, na watu hawa tunawapenda. Tunachotaka ni kulitazama lile neno sadaka.

Daudi alipotaka kujenga madhabahu katika uwanja wa kupuria wa Arauna, Arauna alimwambia achukue yote bure, uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa, akalipa. Kwa kawaida tunafundishwa kwamba sadaka isiyomgharimu mtoaji si sadaka, na ni kweli. Lakini kuna upande mwingine ambao hauhubiriwi sana: mfalme alikataa kumtolea Mungu kitu cha mtu mwingine kana kwamba ni chake. Arauna alikuwa radhi, tena mtu mzima mwenye akili zake, na bado Daudi akaona haifai. Sasa mtoto wa miaka miwili hajaulizwa lolote. Jioni zake ni zake. Kumbeba, kumwogesha, kumsikiliza anapotaja majina ya vitu kwa makosa, hayo ni haki yake kwa wazazi wake. Tukizichukua jioni hizo tukaziweka madhabahuni, tumetoa uwanja wa Arauna bila kulipa.

Watu hutujibu kwa habari ya Hana, kwamba alimtoa Samweli. Alimtoa, ndiyo. Lakini alikataa kupanda kwenda Shilo na mumewe mpaka mtoto aachishwe kunyonya, na baada ya hapo kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Mama anayejua kimo cha mwanawe mwaka hadi mwaka hajaacha kuwa mama. Na nyumba aliyompeleka ilikuwa ya Eli, kuhani, ambaye wanawe mwenyewe walikuwa wakiidharau sadaka ya Bwana. Samweli naye alikua, akawa mwamuzi, akawa anazunguka kila mwaka Betheli, Gilgali na Mispa, kisha anarudi Rama kwa kuwa ndiko nyumbani kwake. Alipozeeka, wanawe walipokea rushwa. Hatusemi kwamba safari ndizo zilizowaharibu. Maandiko hayasemi hivyo, na mtoto aliyelelewa vizuri naye huweza kupotea. Tunasema tu kwamba Biblia haikuona aibu kuziweka habari za watoto wa watumishi palepale penye habari za huduma yao. Sisi tunaona aibu, na kwa hiyo hatuzizungumzi mpaka mambo yameshaharibika.

Hapa tuingize historia kidogo, maana mazoea haya yana chanzo. Injili ililetwa sehemu kubwa ya kusini yetu na umisheni uliojulikana kama UMCA. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi na kundi la watu waliookolewa utumwani, kutoka Zanzibar, wakatembea hadi Masasi na kuanzisha kijiji cha Wakristo. Wamisionari wa UMCA hawakulipwa mshahara. Walipewa matunzo na pauni 20 kwa mwaka za mahitaji madogo, na kwa desturi walikuwa watu wasio na ndoa. Steere mwenyewe alikuwa ameoa, lakini mkewe alibaki Uingereza. Hatuwadharau watu hawa hata kidogo. Wengi walikufa vijana kwa homa, na sisi tunasoma Biblia katika lugha ambayo Steere aliifanyia kazi mpaka kufa kwake mwaka 1882. Ila mtu asiye na mtoto anaweza kuondoka saa kumi usiku kwenda kwa mgonjwa bila kumwacha mtu akilia kitandani. Anaweza kupokea wageni wanane bila kuuliza nani atalala wapi. Kipimo cha mtumishi mwema kikachukuliwa kutoka kwao, na kipimo hicho hakikuwa na mtoto ndani yake.

Waafrika waliofunzwa nao waliruhusiwa kuoa, na waliooa walikuwa wengi. Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani, alisoma Kiungani, Zanzibar, na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, upande wa Newala, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kufanywa kasisi katika UMCA. Alikaa Chitangali kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa na mke na watoto. Tunapomfikiria, hatufikirii tu ibada na shule aliyoijenga, tunafikiria jioni za nyumba ile, mbali na ndugu, mbali na Kiungani. Nani alikaa na watoto Majaliwa alipokwenda vijiji vya mbali? Bila shaka ni mkewe. Kazi ya mwanamke yule haikuhesabiwa pamoja na idadi ya waliobatizwa, ingawa bila yeye isingebatizwa hata nusu yao.

Wazee wa kwetu wanapotusikia tukisema haya huwa na jibu jingine, na ni jibu zito kuliko la Hana. Wanasema: mtoto ana wajomba. Miongoni mwa Wamwera, Wamakonde na Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti juu yake kuliko hata baba. Kwa hiyo baba akienda chuoni, kuna pengo gani? Tumelifikiria jibu hili kwa heshima, maana ndani yake kuna kweli ambayo vitabu vya ushauri wa ndoa kutoka nje havina: mtoto hakuumbwa alelewe na watu wawili peke yao chini ya paa moja. Jirani yetu wa upande wa kisima ni mama wa Kiislamu. Huyo ndiye anayekaa na mdogo wetu Jumapili tukiwa kanisani wote wawili, na ndiye aliyemfundisha kupiga hodi. Lakini mjomba hakuwekwa ili baba apate ruhusa ya kuondoka. Aliwekwa ili mtoto awe na watu wengi. Kumpa mtoto watu wengi na kumwondolea mmoja ni mambo mawili tofauti, na mtoto anayajua kuliko sisi.

Kanisa la Masasi liliwahi kulielewa jambo hili. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuupiga marufuku unyago wa wavulana kama wamisionari wengine walivyofanya. Aliruhusu jando la Kikristo, kasisi akaenda porini pamoja na wavulana na makungwi. Watu wanabishana hadi leo kama alifanya vema, na sisi wenyewe hatukubaliani kwa yote. Jambo tunalolishika ni dogo tu: kanisa lile lilikubali kwamba kumkuza mtoto ni kazi ya kanisa, na likampangia kasisi muda wa kazi hiyo. Hawakuihesabu kuwa shughuli ya nyumbani inayomwibia muda wa huduma.

Sasa tuje kwenye neno gumu, kwa sababu kama hatukulisema msomaji atalisema. Bwana Yesu alisema kwamba ampendaye mwana au binti kuliko Yeye hamstahili. Hatuwezi kulizunguka. Petro aliacha nyavu, na Petro alikuwa na mama mkwe, basi alikuwa na mke. Lakini Petro aliposema kwamba wameacha vyote, jibu alilopewa katika Marko sura ya 10 ni la ajabu. Aliyeacha nyumba, ndugu, mama, baba, watoto au mashamba atapata mara mia, tena sasa, wakati huu, pamoja na udhia. Tumelisoma mara nyingi tukidhani ni ahadi ya baraka za jumla. Ukiisoma polepole unauliza: hao mama mia watatoka wapi? Hizo nyumba mia ni za nani? Hazishuki kutoka mbinguni. Ni nyumba za waamini. Ni akina mama wa kanisa. Ahadi hii Mungu anailipa kupitia ushirika, na ushirika unaomchukua mzazi kwa mkono mmoja bila kumletea mtoto wale mama mia kwa mkono wa pili umezuia malipo ya Mungu njiani.

Kuna jambo jingine katika mistari ile. Baba yumo katika orodha ya walioachwa. Katika orodha ya wanaorudishwa hayumo. Wafafanuzi husema ni kwa sababu Baba yetu ni mmoja, aliye mbinguni, na tunaamini hivyo. Lakini mtoto wetu wa kwanza ana miaka sita, na usiku anapouliza baba anarudi lini anamaanisha huyu mwenye baiskeli.

Ndiyo maana tumerudi tena na tena kwenye Kutoka sura ya 18. Kila semina ya viongozi husoma sura hii, na kila semina huanzia mstari wa 13, Musa anapokaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni na Yethro anamwambia atachoka, achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mistari ya mwanzo hurukwa. Yethro hakuja jangwani kufanya ukaguzi wa uongozi. Alikuja kumrudishia Musa mke wake Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao Musa alikuwa amewarudisha kwao. Mkwe alifika na familia mkononi, akalala, akaamka, akamwona mkwewe akikaa na watu kutwa nzima, ndipo akasema kazi igawanywe. Kwa macho yetu hilo ni jambo moja. Haina maana kumletea mtu watoto wake kama kazi yake haina mahali pa watoto.

Na ushauri ule haukuwa wa Musa kujipangia muda vizuri zaidi. Hatuoni Yethro akimwambia aamke mapema. Mzigo ulihamia mabega mengine, na watu wenyewe walipaswa kukubali kuamuliwa na mkuu wa kumi badala ya kumtaka Musa tu. Hapo ndipo penye ugumu kwetu. Mgonjwa anataka kasisi, au anayesomea ukasisi. Akienda mzee wa kanisa anaona amedharauliwa. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa la Mungu. Neno hilo hutumiwa kumhukumu mtumishi ambaye mwanawe ameonekana amelewa kijiweni. Hatujawahi kulisikia likitumiwa kuihukumu halmashauri iliyompangia mtumishi huyo vikao jioni tano za juma.

Tumeyapeleka haya kwa wazee wa kanisa letu, kwa maneno laini kuliko ya hapa. Mwalimu mmoja mstaafu amejitolea kukaa na mkubwa wetu kwa masomo siku mbili kwa juma. Wazee wawili wamechukua maombi ya Jumatano muhula huu, ingawa waliofika juma la kwanza walikuwa wanne na mmoja aliuliza kama ibada imeahirishwa. Akina mama wamesema watazungumza, bado.

Lililobaki ni la chuo. Hatua inayofuata ya mafunzo ni miaka miwili mfululizo, na vyumba vilivyopo ni vya mtu mmoja mmoja. Tumeomba nyumba ya familia. Ikikosekana tutaomba kuendelea kwa mihula mifupi, hata kama kuwekewa mikono kutachelewa mwaka au miwili. Hatujapata jibu, na mkubwa wetu anaanza darasa la kwanza Januari.