Kiapo cha Mmoja

Nilikuwa na umri wa miaka tisa baba alipoondoka kwenda Vita vya Kagera, mwishoni mwa mwaka 1978. Tuliishi katika kota za kambi, na baba alikuwa askari wa kawaida. Ninachokikumbuka zaidi si kuondoka kwake, bali wanawake wa kambi. Kila jioni walikusanyika barazani kwetu wakaizunguka redio ndogo ya mama. Habari zikiwa njema walipiga vigelegele pamoja. Zikiwa mbaya walinyamaza pamoja. Mama alikuwa na hofu, lakini hofu yake ilikuwa na majirani. Nchi nzima ilijua alikokwenda mume wake.

Kumbukumbu hiyo hunirudia kila nisomapo habari za vikosi vya siri vinavyopambana na ugaidi. Hujiuliza: mke wa askari wa kikosi cha namna hiyo humlilia nani?

Tutazame kimoja, kikosi cha Delta cha Marekani. Kiliundwa mwaka 1977 na Kanali Charles Beckwith, ambaye aliwahi kutumikia pamoja na SAS ya Uingereza na akavutiwa na utaratibu wake. Makao yake ni Fort Bragg, katika jimbo la North Carolina, na kazi yake kubwa ni kuokoa mateka na kuwasaka magaidi. Serikali ya nchi hiyo huzungumza machache mno juu yake. Mtu huitwa usiku, huchukua begi lake, huondoka. Mkewe haambiwi aendako wala siku ya kurudi. Jirani akiuliza, hana budi kujibu kwamba bwana yuko safarini kikazi, basi. Watoto nao hujifunza mapema kwamba yako maswali yasiyoulizwa mezani.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba hizo kata imo mtungini kila siku, na bado haijui.

Je, ni haki? Tusiharakishe kulaumu. Mwaka 1980 Wamarekani zaidi ya 50 walikuwa wameshikwa mateka mjini Tehran, na kikosi hicho kikatumwa kuwaokoa. Lau mke mmoja angemnong'oneza dada yake, na dada akamwambia rafiki, huenda mateka wangeuawa kabla ndege hazijatua. Siri hiyo ilikuwa na sababu, tena sababu ya uhai wa watu. Anayesema kwamba mume na mke wasifichane neno lolote hajafikiri juu ya mke wa mateka, ambaye naye alikuwa akisubiri mlangoni.

Lakini tazama yaliyofuata. Safari ile ilivunjikia jangwani Aprili mwaka huo, helikopta ilipogongana na ndege ya mizigo. Wanajeshi 8 walikufa. Hawakuwa wa Delta, bali wa jeshi la anga na wa majini waliokuwa wakiwasafirisha wenzao. Waliacha watoto 17, na baadaye ukaundwa mfuko wa kuwasomesha. Jambo hilo ni jema, nami nalisifu. Hata hivyo, baba zao walipoondoka, katika watoto hao 17 hakuna hata mmoja aliyekuwa amenyanyua mkono na kula kiapo.

Hapo ndipo penye fundo la swali langu. Kiapo huliwa na mtu mmoja, lakini uzito wake hubebwa na nyumba nzima. Wako watakaosema kwamba mke alijua alipokubali kuolewa. Alijua nini? Alijua kwamba kuna jambo hatalijua. Kuridhia giza si sawa na kuridhia kila kilichomo gizani. Na mtoto je, yeye aliridhia lini?

Tarehe 3 Oktoba 1993 askari wa Delta na wenzao wa Ranger waliingia katikati ya Mogadishu kuwakamata wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farah Aidid. Helikopta mbili ziliangushwa. Gary Gordon na Randy Shughart, wote wa Delta, waliomba washushwe kwenye ile ya pili wawalinde wenzao waliojeruhiwa. Walikataliwa, wakaomba tena, mpaka wakaruhusiwa. Waliuawa wote wawili; rubani akanusurika. Mapigano hayo yaliua Wamarekani 18 na Wasomali kwa mamia, wakiwamo wanawake na watoto ambao nao hawakuulizwa na mtu kama wanaridhia.

Siku zilizofuata picha za maiti za askari wa Marekani zikiburutwa barabarani zilionyeshwa duniani kote. Familia zilizofundishwa kutotaja hata kazi ya mume zilikiona kifo kikiwa mali ya kila mwenye televisheni. Mei 1994 wajane wa Gordon na Shughart walikabidhiwa nishani ya juu kabisa ya nchi yao. Siku hiyo, Ikulu, baba yake Shughart alikataa kumpa mkono Rais Clinton. Sina haja ya kumhukumu mzee yule. Ninachosema ni kwamba aliyedaiwa kimya kwa miaka mingi ana haki ya kudai jibu.

Tena kuna habari nzito zaidi. Mwaka 2002, ndani ya wiki sita tu, wanawake wanne waliuawa na waume zao, askari wa Fort Bragg. Watatu kati ya wanaume hao walikuwa wamerudi kutoka Afghanistan, na mmoja alikuwa wa Delta. Sisemi kwamba siri ndiyo iliyowaua. Mauaji ya nyumbani yana mizizi mingi, na muuaji hana udhuru. Lakini nawaza juu ya mtu aliyezoezwa kufunga mdomo mpaka akasahau kwamba ufunguo anao mwenyewe.

Kwa maoni yangu, basi, ziko siri mbili, na kosa letu ni kuzichanganya. Kuna siri ya kazi: tulikwenda wapi, tulimfuata nani, kwa njia gani. Hiyo ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuigawa. Halafu kuna siri ya moyo: nimeogopa, nimeua, nimempoteza rafiki, silali. Hiyo si mali ya serikali yoyote. Hakuna adui atakayeshinda vita kwa kujua kwamba baba fulani hapati usingizi. Taifa linalomwachia askari aamini kwamba siri ya pili imo ndani ya ile ya kwanza linamdhulumu yeye, na linawadhulumu zaidi wanaolala chini ya paa lake.

Nalo taifa lina deni. Mjane apewe bendera na nishani, sawa. Lakini aliye hai na anayesubiri apewe mtu wa kuzungumza naye, na aambiwe ukweli mapema kadiri ukweli unavyoruhusiwa kusemwa.

Baba alirudi mwaka 1979. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kufariki, nilimwuliza mama kama aliwahi kumsimulia vita.

"Hakunisimulia, mwanangu," alinijibu. "Ila usiku mmoja aliniambia anaogopa kulala. Nikawasha taa, nikakaa naye mpaka kukapambazuka."

Nikamwuliza kama hakutaka kujua zaidi.

"Zaidi ya hapo yalikuwa ya jeshi," akasema. "Hilo lilikuwa langu."