Kuku Waachwao na Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho juu ya ardhi na kila kirukacho kwa mbawa, akavikadiria vyote riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika mambo yaliyoenea katika mitaa ya pwani, na watu wakayahisabu kuwa ni madogo, ni mtu kufungua tundu la kuku asubuhi, kisha akenda zake kazini, na kuku wakenda watakako. Huingia kitalu cha jirani wakafukua mchicha uliochipua jana, wakadonoa nyanya kabla hazijaiva, wakapekua mpunga ulioanikwa mkekani, wakachafua baraza. Jioni hurudi wameshiba, na mwenyewe huwahisabu wakatimia, akafunga tundu akashukuru. Wala haulizi wamekula nini, wala walichokula ni cha nani.

Na jirani akija kulalamika hupewa majawabu matatu. La kwanza, kwamba kuku ni mnyama, na mnyama hana hukumu. La pili, kwamba kilicholiwa na ndege katika shamba la mtu ni sadaka yake, basi vipi ananung'unikia thawabu? La tatu, kwamba kuku ni wa wanawake, na mwanamume hana khabari nao. Majawabu mawili ya kwanza yametokana na maneno ya Bwana Mtume yaliyo sahihi, lakini yametiwa mahali pasipo pake. Na neno la haki likitiwa mahali pasipo pake hudhuru kuliko uwongo, kwani uwongo hujulikana ukakataliwa. Kwa hivyo yapasa majawabu haya yaangaliwe moja baada ya moja.

FASLI: Katika asili ya jambo

Kufuga kuku ni halali, wala hapana aibu ndani yake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Abu Musa al-Ash'ari alikuwa na chakula chenye nyama ya kuku, na mtu mmoja akajitenga kwa kuwa aliwahi kumwona kuku akila uchafu. Abu Musa akamwita asogee, akamkhubiria kwamba yeye amemwona Mtume (s.a.w.) akila kuku. Na jogoo amekatazwa kutukanwa, kwa sababu huwaamsha watu kwa sala. Hayo yamo katika Sunan ya Abu Dawud.

Wala sharia haikuamrisha kuku afungwe siku zote. Kuku hupenda kupekua mchanga, kuoga vumbi na kuota jua, na kumnyima hayo bila ya haja ni kumdhiki. Na mwenye kumfungia mnyama asimlishe, wala asimwache akajitafutia, akumbuke khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Basi makusudio ya maneno haya si kuwafunga kuku. Makusudio ni kujua ya kuwa mwenye kuachia kitu ndiye anayeulizwa nacho.

FASLI: Katika jawabu la kwanza, kwamba mnyama hana hukumu

Ni kweli kwamba Bwana Mtume amesema, kwa maana, kuwa anachojeruhi mnyama hakina dhamana. Lakini wanavyuoni hawakuyachukua maneno haya peke yake. Katika Sura ya Al-Anbiyaa imo khabari ya Nabii Dawud na Nabii Sulaiman (a.s.), walipohukumu juu ya shamba lililoingiwa usiku na kondoo wa watu. Wafasiri wameeleza kwamba Nabii Dawud aliona mwenye shamba apewe kondoo wale. Nabii Sulaiman akaona mwenye shamba apewe kondoo atumie maziwa yao na manufaa yao, na mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Na Mwenyezi Mungu amewasifu wote wawili kwa hukumu na ilimu. Basi lau kuwa mnyama hana hukumu kabisa, Manabii wawili wangehukumu nini?

Na ngamia wa al-Baraa bin Azib aliingia bustani ya watu akaiharibu. Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba mchana kulinda bustani ni juu ya wenye bustani, na kiharibiwacho na mifugo usiku ni juu ya wenye mifugo. Juu ya hadithi hii ndipo ilipojengwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu. Na sababu yake ni ada ya watu: mchana mifugo hutoka kwenda kula, na mwenye shamba yu macho, usiku mifugo hufungwa, na mwenye shamba amelala. Ndiyo maana wanavyuoni wakasema kwamba pahala ambapo ada imegeuka, na hukumu nayo hugeuka.

Hii yote ni pale ambapo mwenye mnyama hayuko naye. Ama akiwa pamoja naye, anamwona akiingia kitalu cha mtu na anaweza kumzuia, naye akamwacha, basi juu yake ni dhamana, iwe usiku au mchana.

FASLI: Katika ndege khasa

Huenda mwenye kusoma vitabu akasema: ndege wametolewa katika hukumu hii. Na amesema kweli. Imenukuliwa kutoka kwa Ibn as-Sabbagh, aliyefariki mwaka 477 wa Hijra, na Imamu Nawawi akaitaja katika Rawdha, kwamba hapana dhamana kwa walichodonoa njiwa na ndege wengineo, kwa kuwa ada ya watu ni kuwaachia.

Lakini aendelee kusoma asifunge kitabu hapo. Katika Minhaj, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676, ametaja paka ambaye amejulikana kwa kula ndege wa watu au vyakula vyao: kwa kauli iliyo sahihi zaidi mwenyewe hulipa, usiku na mchana, na asipojulikana kwa hayo, halipi. Na wenye kuisherehesha wamemwunganisha na paka kila mnyama aliyezoea kudhulumu. Basi na atazame mwenye kuku aliyeambiwa mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kwamba koo wake mwekundu hupita ufa ule ule wa ua kwenda kitalu kile kile, naye kila asubuhi hufungua tundu huku anajua. Je, huyu yu katika ukhafifu waliopewa wenye ndege, au amefanana na mwenye paka yule? Mwenye kuogopa Siku ya Hisabu hatafuti jawabu lililo jepesi kwake. Hutafuta lililo salama.

Na hata pale ambapo kadhi hatamlipisha mtu, haki ya jirani haikuondoka. Mtume (s.a.w.) amekanusha imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani mpaka akadhani kwamba atampa urithi. Na amekataza kudhuru na kudhuriana. Dhamana ni ya kadhi na mashahidi; ama udhia, huo hauhitaji shahidi mbele ya Mwenye kuona.

FASLI: Katika jawabu la pili, kwamba ni sadaka

Imethubutu katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas, kwamba Muislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Haya ni maneno ya kumliwaza aliyepanda. Hayakusemwa kumpa ruhusa mwenye kuku.

Na tofauti ya mambo haya mawili iko wazi kwa mwenye akili. Mtu akiibiwa akasubiri, hupata thawabu. Je, mwizi naye aseme kwamba amemfanyia wema? Mtu akitukanwa akasamehe, hupata daraja. Je, mwenye kutukana adai ujira? Thawabu ya aliyedhulumiwa haimsafishi aliyemdhulumu. Tena sadaka hutolewa na mwenye mali. Hapana mtu anayejitolea sadaka kwa mali ya mwenziwe, kisha akala yeye mayai.

Neno hili ni zito zaidi pale kitalu kinapokuwa cha mjane ambaye matuta yake sita ya mchicha ndiyo unga wake na mafuta yake ya taa. Naye huona haya kusema, kwa kuwa mwenye kuku ni mtu mkubwa mtaani. Kunyamaza kwake si radhi. Na ikiwa kitalu ni mali ya mayatima, na dhamana imethubutu, basi hata msamaha wa mama yao hautoshi, kwani msimamizi hana ruhusa ya kutoa bure mali ya mtoto. Na Mwenyezi Mungu amewaonya kwa moto wenye kula mali ya mayatima kwa dhuluma. Na asidhani mtu kwamba chakula hakikuingia tumboni mwake, maadamu kimepita kwa kuku kikamfikia katika sahani.

FASLI: Katika jawabu la tatu, kwamba kuku ni wa wanawake

Kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa alichokichunga; na mwanamume ni mchunga wa nyumba yake. Ni kweli kwamba mali ya mke ni ya mke. Lakini tundu limo uani mwa mume, na mayai huliwa mezani pake, na jogoo huchinjwa kwa wageni wake. Akija mgeni, kuku ni wake. Akija jirani kulalamika, kuku ni wa mkewe! Huku si kuihifadhi mali ya mke, bali ni kuikimbia lawama. Impasayo ni kuliziba pengo la ua kwa mkono wake, na kumnasihi mkewe kwa upole.

FASLI: Katika yanayompasa mwenye kitalu

Wala haki si ya upande mmoja. Kulinda mchana kumewekwa juu ya wenye bustani, basi na ajenge ua, wala asiache mpunga mkekani bila ya mwangalizi kisha akawalaumu watu wote.

Na akimkuta kuku kitaluni mwake, amfukuze kwa lililo jepesi. Akiweza kumtoa kwa sauti, asimpige kwa fimbo. Akiweza kwa fimbo, asimuue. Akimuua hali ya kuwa angeweza kumfukuza, atalipa thamani yake. Na kumtegea sumu ni ubaya juu ya ubaya: ni kumwua mnyama asiye na dhambi, na huenda ikamfika mtoto au kuku wa mtu mwingine.

Yai lililotagwa kitaluni mwake na kuku wa jirani ni la mwenye kuku, na vifaranga humfuata mama yao. Na kuku wa mwenziwe akihamia kwake akalala pamoja na wake, impasa amrudishe. Asiseme kwamba amejileta mwenyewe.

FASLI: Katika kuku anayekula uchafu

Kuku aachwaye bila ya kuangaliwa hufika majaani na makaroni. Mtume (s.a.w.) amekataza kula mnyama anayekula najisi. Katika madhehebu, kinachotazamwa ni nyama yenyewe: ikidhihiri kugeuka, kwa harufu na mfano wake, kula ni makuruhi kwa kauli aliyoisahihisha Imamu Nawawi, na wako waliosema ni haramu. Dawa yake ni kumfunga na kumlisha kilicho safi mpaka iwe njema, na kwa kuku zimetajwa siku tatu. Ndivyo ilivyopokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akifanya. Na kinyesi cha kuku katika madhehebu ni najisi. Basi na aangalie mwenye kusali juu ya mkeka wa barazani.

FASLI: Katika namna ya kuwaachia bila ya madhara

Njia ni nyepesi kwa mwenye nia. Kuku walishwe kabla ya kutolewa, chenga za mchele au pumba au machicha ya nazi, kwani mwenye njaa huenda mbali na aliyeshiba hukaa karibu. Wafunguliwe baada ya sala ya alasiri, saa ambayo mtu yupo nyumbani. Magharibi ikiingia hurudi wenyewe. Mtoto akae nao, ajifunze ulinzi na amana. Naye awakinge vifaranga na mwewe, kwani kuipoteza mali nako kumekatazwa. Arukaye ua apunguzwe manyoya ya bawa moja, bila ya kumtoa damu. Kuku mgeni afungwe kamba mguuni mpaka ajue kwao, kama walivyofanya wazee. Na jirani akishavuna, akitoa idhini, waingie wale wadudu na kupekua udongo. Hapo kuku wale wale waliokuwa udhia huwa manufaa.

KHATIMA

Khulasa ya maneno haya ni kwamba kuku hana dhambi, na jirani ana haki, na mwenye kuku yuko baina ya wawili hao. Mwenye kuwa amekwisha mdhuru mwenziwe, na amwendee leo, amtake radhi, amlipe kilichoharibika au amwotesheshee matuta mapya. Asijitosheleze kwa kumpelekea mayai mawili bila ya kutamka neno, kwani zawadi si kutaka radhi. Dunia bado yalipika kwa mbegu na mchana wa kazi. Huko mbele hapana mbegu wala senti, ila mema ya mtu, na kila mdai atayachukua kwa kadiri ya haki yake.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa amani kwa majirani zao, awape riziki ya halali isiyo na machozi ya mtu ndani yake, na awakhitimishie kwa wema. Amin.