Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Kijana anapouliza masharti



Baadhi yenu wenye maduka na mashine za kukoboa mmeniambia vijana wa siku hizi hawataki kazi. Hajashika hata ufagio, anauliza: mkataba upo? NSSF mnachangia? Ijumaa naruhusiwa kwenda kuswali? Mnasema ni kiburi.

Rudini Suratul Qasas, aya ya 26 mpaka 28. Nabii Musa a.s. alikuwa kijana mkimbizi, hana kitu mkononi. Pamoja na hayo mzee wa Madyan alimtajia muda wazi: miaka 8, akifikisha 10 ni hiari yake, na akamwambia hataki kumtaabisha. Musa naye akaweka lake: nitakaoutimiza kati ya hiyo miwili, nisidhulumiwe. Allah akawa shahidi wao.

Na sisi wa Tabora tusijifanye wageni wa jambo hili. Karne ya 19 wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwenda pwani kwa miguu, kilo 30 na zaidi begani. Kabla ya kuunyanyua walipatana: ujira vitambaa vingapi, posho ya njiani kiasi gani. Mkuu wa msafara aliyewanyima posho au kuwapiga, aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini, watu hawapo. Njia hiyo hiyo, ndugu zangu, ilipitisha watumwa. Mpagazi wa kuajiriwa aliuliza masharti. Mtumwa hakuwa na wa kumuuliza. Wewe unayetaka mfanyakazi asiyeuliza kitu, unamtaka yupi kati ya hao?

(Kijana, nawe usicheke. Wapo wapagazi waliotanguliziwa vitambaa wakatoroka navyo. Huo ni wizi, hata bosi awe mkali vipi.)

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 imeshaweka likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na saa za kawaida 45 kwa wiki, zikizidi zinalipwa. Usimpe kijana haki hiyo huku unahesabu kuwa ni sadaka yako.

Leo magharibi wengi mtaleta futari msikitini, Allah awalipe. Ila kabla hujabeba sufuria, muulize anayekuuzia dukani kama mshahara wa mwezi uliopita ameupata wote. Mtume s.a.w. alituagiza alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kama bado unamdai subira, anza na yeye, hata kwa simu, leo hii. Sufuria lije kesho.

Darsa baada ya tarawehe ipo kama kawaida.