Uji wa Alfajiri

Kuna nyumba hapa Dar es Salaam, jiko limewashwa kabla ya adhana. Mama anakoroga uji. Anaukoroga polepole, kisha anaupooza. Binti yake anatibiwa saratani. Dawa huwinda chembe zinazokua upesi, na za mdomoni hukua upesi. Ndiyo maana binti ana vidonda mdomoni. Uji wa moto humuunguza.

Baba anamtafutia binti kofia, nywele zake zimekwisha. Mdogo wake anauliza, dada ataenda shule? Leo ni hospitali ya Muhimbili. Kesho uji. Keshokutwa uji. Siku binti akimaliza kikombe, nyumba nzima inacheka.

Wewe unayetoka kwenda kazini, pita mlangoni kwao. Maswali ya ugonjwa yaache. Uliza tu: mdogo wake nimpeleke shule?