Karata Inayonyamazisha Nyingine

Magic: The Gathering, mchezo alioubuni Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, una kanuni ya kushangaza: maneno ya karata yakipingana na kanuni za mchezo, karata ndiyo hushinda. Kila karata basi ni sheria ndogo yenye mamlaka ya kuipindua sheria kubwa. Je, karata zenyewe zikigongana?

Mgongano wa kwanza huisha upesi. Karata moja inakuruhusu, nyingine inakukataza: katazo hushinda. Wako watakaoona huo ni ubabe, lakini mimi naona una haki ndani yake. Mtu aliyepewa ruhusa akaacha kuitumia hajavunja neno la yeyote. Aliyepuuza katazo amelivunja. Ukijizuia, karata zote mbili zimetiiwa.

Ugumu huja pale ambapo hakuna katazo, bali kauli mbili kuhusu kitu kimoja. Kwa kawaida karata za aina moja hufuatana kwa wakati: iliyoingia mezani mwisho ndiyo yenye neno la mwisho, kama vile wanasheria wasemavyo kwamba sheria mpya huishinda ya zamani. Lakini tazama Urborg, Tomb of Yawgmoth. Ni karata ya ardhi, isiyo ya msingi, na inasema kila ardhi ni Kinamasi pamoja na ilivyo. Msitu wa msingi ulioko mezani sasa ni Msitu na Kinamasi pia. Kisha mpinzani anaweka Blood Moon, karata ya mwaka 1994 inayozifanya ardhi zote zisizo za msingi kuwa Milima.

Tukifuata wakati, Urborg iliyotangulia ingesema kwanza, na Msitu ungebaki na Ukinamasi wake, maana Blood Moon haiugusi. Mchezo haukubali. Blood Moon huanza kutumika, Urborg inakuwa Mlima mtupu, inapoteza uwezo wake wa kusema, na Msitu unarudi kuwa Msitu tu. Mwenye Msitu hulalamika, na namwelewa: ardhi yake imebadilishwa na karata ambayo haikuitaja kabisa.

Hata hivyo naamini uamuzi huo ni sahihi. Urborg inaongeza sifa juu ya ardhi. Blood Moon inaamua kama Urborg ina kauli yoyote. Hizo si hoja mbili zenye uzito sawa. Kabla ya kupima neno la mtu, lazima kwanza ijulikane kama anayo haki ya kulitoa, na swali hilo halijibiwi kwa kuuliza nani aliwahi kufika. Tukilipuuza, tutakuwa tunatii amri ambayo mwenye kuitoa ameshavuliwa madaraka.

Lakini je, kila karata ikiwa inategemea mwenzake, kila moja ikishikilia uhai wa kauli ya nyingine? Hapo akili inazunguka bila kutoka, na kanuni zinakiri hivyo waziwazi: utegemezi wote unawekwa kando, wakati unarudishiwa kazi yake. Wakati hauna hoja yoyote ya kutoa, ila wachezaji wote wawili walikuwapo, wakaona karata ipi iliwekwa kwanza.