Makaazi ya Mwanafunzi Ugenini

Mzee wa Unguja ampelekaye mwanawe Kenya, mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Egerton, huuliza kwanza kodi. Akisikia chumba rahisi cha Lanet hukata shauri papo hapo. Hali Lanet iko mashariki ya Nakuru, kwenye njia ya Nairobi, na chuo chenyewe kiko Njoro, magharibi, zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini. Kijana ataukata mji mzima kila siku, kwenda na kurudi. Alichookoa katika kodi kitaliwa na nauli, na Magharibi itamkuta garini.

Waliotutangulia hawakufanya hivi. Al-Azhar ya Misri iliwawekea wageni riwaki, kila kaumu na yake. Wajabarti wa Uhabeshi walikuwa na yao. Mgeni alilala pale pale asomapo, kati ya watu waijuao lugha yake. Na Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622 alishukia kwa Abu Ayyub, karibu na pale ulipojengwa msikiti.

Basi mwaka wa kwanza kijana na akae bweni la chuo, au Njoro penyewe, ijapokuwa chumba ni kidogo. Ikiwa hapana budi na Lanet, aende akajionee: jirani ni nani, maji yapo, mlango wafungika? (Na achukue blanketi, baridi ya huko si ya pwani.) Nawe mzazi, usimpelekee pesa kwa simu mtu usiyemjua, hata akijiita Haji.