"MUNGU YUPO, TUTAFIKA TU!" JE, HIYO NI IMANI?

Kijana mwenzangu uliyeshika karatasi hii! Usiitupe kwanza. Nina swali moja tu: Mtu akifanya uzembe, halafu mambo yakaisha salama, je, ana kosa au hana?

Usijibu haraka. Sikiliza yaliyotupata sisi.

SAFARI YA KUONA VIBOKO

Mwaka juzi, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, niliwaahidi watoto wangu kuwapeleka Sitalike kuona viboko. Wewe wa Mpanda unapafahamu, ni kilometa kama 35 tu, pale mlangoni kwa Hifadhi ya Katavi. Kiangazi maji ya mto Katuma yakipungua, viboko hujazana kwenye madimbwi, wanalaliana kama magunia ghalani, nawe unawaona ukiwa umesimama darajani. Ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mke wangu akapika wali na maharage, tukapanda Noah ya kukodi: mimi, yeye, watoto watatu na mama yangu mzazi.

Mama kabla ya kupanda alilizunguka gari. Akaligonga tairi la nyuma kwa mguu, akasema, "Mwanangu dereva, mbona tairi hili kipara namna hii?"

Dereva akacheka. "Bibi, wewe panda. Mungu yupo, tutafika tu!"

Na mimi mhubiri wa Neno, unajua nilisema nini? Nilisema "Amina!" tena kwa sauti kubwa.

Ndugu yangu, hatukufika hata nusu ya njia. Paa! Tairi limepasuka. Gari likayumba, likaingia majanini, likasimama. Tulishuka wazima, watoto wanalia, wali wote sakafuni. Kutazama tairi la spea, halina upepo. Jeki, hakuna. Tulikaa chini ya mti saa tatu nzima, mbung'o wanatuuma, mpaka lori la mpunga likatuhurumia. Tukaingia Sitalike saa kumi jioni tumekaa juu ya magunia. Viboko tuliwaona kwa dakika ishirini.

Wakati wa kurudi ikaja Noah nyingine inakwenda Mpanda. Gari la watu wanane, nilihesabu ndani wapo kumi na wawili, na kondakta bado anaita, "Nafasi ipo, watoto pakateni!" Giza lilikuwa linaingia. Nikainua mguu nipande.

Mama akasema, "Mimi sipandi. Na wajukuu zangu hawapandi."

Abiria wakamcheka. Mmoja akasema, "Bibi, siku yako ikifika hata kitandani utakufa!" Gari likaondoka. Sisi tukalala mkekani kwa mzee mmoja aliyetufadhili, tumebanana kama dagaa.

Najua unataka kuuliza: Je, gari lile lilipata ajali? HAPANA. Lilifika Mpanda salama salimini, niliuliza kesho yake nikaambiwa. Nakiri mbele yako, moyo wangu ulikuwa unatafuta ushuhuda wa kuhubiria. Sikuupata.

NANI ALIKOSEA?

Sasa utasema, "Basi mama yako alikosea, kalaza wajukuu mkekani bure." Ndivyo tunavyohukumu wengi. Tunatazama mwisho wa safari. Dereva akifika, anaitwa fundi. Akianguka, anaitwa muuaji.

Lakini hebu fikiri. Madereva wawili wana matairi vipara, wote wanakwenda mbio ileile. Mbele ya mmoja mtoto anavuka barabara. Mbele ya mwingine havuki mtu. Walichofanya wao ni kilekile! Tofauti ni mtoto kuvuka, na hilo hakuna kati yao aliyelipanga. Je, huyu wa pili ni mtu mwema kwa sababu tu barabara ilikuwa tupu?

Utaniambia, "Lakini mmoja ameua!" Ni kweli. Ana deni kwa wafiwa, na mahakama itamwita. Lakini asubuhi ile walipowasha magari, mioyo yao ilikuwa sawasawa. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuamua kwamba roho za watu ni kitu cha kubahatisha.

Katika Torati (Kumbukumbu la Torati 22) mtu anayejenga nyumba anaagizwa aweke ukuta kuzunguka dari, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Angalia vizuri: ukuta unajengwa KABLA mtu hajaanguka! Wajibu wake unaanza siku ya kujenga, hausubiri siku ya msiba.

TUNAMSINGIZIA MUNGU

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikielekea Mwanza. Ilitengenezwa kuchukua abiria 430. Mamia walikufa, na hesabu kamili haikupatikana, maana wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220! Wengi walikuwa watu wa kawaida tu, wanatoka gulioni Bugolora na mizigo yao, safari ya siku moja kama yetu.

Nawe unajua tunavyosafiri nchi hii. Chombo kikijazwa leo kikafika, kesho kinajazwa zaidi. Kule kufika salama ndiko kunakotufundisha ubaya. Halafu siku ya msiba tunasimama makaburini tunasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Je, ni Mungu aliyekata tiketi zile?

Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamdaka (Luka 4). Yesu alikataa, akasema ni kumjaribu Mungu. Na yule alikuwa Mwana wa Mungu! Wewe na tairi kipara unajitupa kwa jina la nani?

Na wewe unayesema "siku ikifika imefika", mbona usiku unafunga mlango? Mbona unalala ndani ya chandarua? Hayo maneno huyaamini. Unayatumia pale tu unapoona uvivu kukagua au aibu kusema.

ILE AMINA YANGU

Siku ile sikushika usukani. Lakini niliona tairi kama mama alivyoliona, nikaogopa kuonekana mtu wa imani haba, nikamnyamazisha mama yangu kwa neno takatifu. Tulipofika nyumbani nilimwomba msamaha. Akanijibu, "Mwanangu, Mungu alishakuonyesha tairi. Ulitaka akuonyeshe nini tena?"

Kijana, neno hilo nakuachia wewe. Wewe wa bodaboda unayebeba mishikaki, watu watatu nyuma na breki hazishiki, usiniambie "mbona kila siku nafika". Sijakuuliza kama unafika. Nakuuliza umebeba roho za watu kwa moyo gani. Na wewe abiria unayeona chombo kimejaa ukanyamaza usichekwe, kicheko hakiui! Sema, "Dereva, punguza mwendo." Sema, "Mimi sipandi." Utalala mkekani usiku mmoja, asubuhi utaamka.

Usingoje tairi lipasuke ndipo utubu. Amua leo, ukiwa bado chini, kabla hujainua mguu kupanda.